Uvumi, Siri na Ushahidi

Wazee wetu walisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hii husikika kila siku sokoni, barazani na njiani, na aghalabu humaliza mazungumzo, maana mtu akiisha kuitamka, wenzake hutikisa vichwa kana kwamba shahidi amekwisha kula kiapo. Lakini, msomaji, je, methali hii ni kweli sikuzote? Ikiwa kila lisemwalo lipo, mahakama ni za nini? Na wanahistoria hutafuta nini katika hati kuukuu zilizojaa vumbi?

Nataka tulipime swali hili pamoja kwa mambo yaliyotukia katika nchi ya Marekani. Nimeichagua nchi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, huko wakuu wa nchi wameuawa hadharani, na mauaji hayo yameacha nyuma yake uvumi usiokufa juu ya njama na siri za serikali. Pili, huko hati nyingi zilizokuwa za siri zimefunguliwa baadaye, hata leo twaweza kuyalinganisha yaliyosemwa mitaani na yaliyoandikwa ofisini. Tutaona ya kuwa uvumi mwingine ulikuwa kweli tupu, na mwingine uongo mtupu. Tutaona pia kwamba mlezi wa ule wa uongo, mara nyingi, alikuwa serikali yenyewe.

Tuanze na Abraham Lincoln. Usiku wa tarehe 14 Aprili, 1865, siku ya Ijumaa Kuu, Rais huyo alikwenda pamoja na mkewe kutazama mchezo katika jumba la Ford's Theatre mjini Washington. Siku tano tu zilikuwa zimepita tangu Jenerali Robert Lee, mkuu wa majeshi ya majimbo ya kusini yaliyopigana ili kudumisha utumwa, aliposalimu amri, na mji ulikuwa katika shangwe. Mchezo ulipokuwa ukiendelea, mwigizaji mmoja mashuhuri, John Wilkes Booth, aliingia kimya katika chumba cha heshima alimoketi Rais, akampiga risasi ya kichwa kwa nyuma, akarukia jukwaani, kisha akatoroka kwa farasi. Lincoln alikufa asubuhi yake.

Watu waliodhani papo hapo kwamba Booth hakuwa peke yake hawakukosea. Usiku ule ule mwenzake, Lewis Powell, aliivamia nyumba ya William Seward, Waziri wa Mambo ya Nje, akamchoma kisu kitandani; Seward aliponea chupuchupu. Mwingine, George Atzerodt, alikuwa ametumwa kumwua Makamu wa Rais, Andrew Johnson, lakini moyo ulimwisha, akaenda zake kunywa ulevi. Booth aliuawa tarehe 26 Aprili katika ghala ya shamba moja huko Virginia. Washitakiwa wanane walipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na wanne wao walinyongwa tarehe 7 Julai, 1865. Mmoja wao alikuwa Mary Surratt, mwanamke wa kwanza kunyongwa kwa amri ya serikali kuu ya nchi hiyo. Basi hapa palikuwa na njama ya kweli, na mashahidi waliithibitisha.

Walakini uvumi haukutosheka. Mwaka wa 1937, mwandishi mmoja aliyekuwa mkemia kwa kazi yake, Otto Eisenschiml, alitoa kitabu chenye maswali mengi. Mbona Jenerali Grant, aliyealikwa kukaa na Rais usiku ule, aliomba udhuru? Mbona askari aliyewekwa kumlinda Rais hakuwapo mahali pake? Maswali hayo yalikuwa yakimwelekea Edwin Stanton, Waziri wa Vita, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya pazia. Wanahistoria waliyachunguza. Grant na mkewe walikuwa safarini kwenda kuwaona watoto wao. Askari yule alikuwa mzembe. Juu ya Stanton haikuonekana hati hata moja wala shahidi hata mmoja. Maswali ya Eisenschiml yalikuwa mazuri. Kosa lilikuwa la wale walioyachukua maswali wakayafanya majibu.

Lakini lipo jambo moja ambalo serikali haiwezi kulikwepa. Booth alipouawa, mfukoni mwake mlikutwa kijitabu cha kumbukumbu. Wizara ya Vita ilikichukua ikakiweka, wala haikukitoa mbele ya mahakama. Kilipojulikana hadharani mwaka wa 1867, kurasa kadhaa zilikuwa zimekatwa. Maneno yaliyobaki ndani yake ni ya Booth akijisifu na kujihurumia, wala hayamtaji Stanton kwa ubaya wowote. Kama kijitabu kile kingaliwekwa mezani tangu siku ya kwanza, watu wangalikisoma wakakisahau. Kwa kuwa kilifichwa, kila mtu alizijaza kurasa zile zilizokatwa kwa mawazo yake mwenyewe, na mawazo ya watu hayana mpaka.

Miaka 98 ikapita. Tarehe 22 Novemba, 1963, siku ishirini kabla ya bendera ya Kenya huru kupandishwa, Rais John Kennedy alikuwa akipita katika mji wa Dallas, jimbo la Texas, ndani ya gari lisilo na paa, akiwapungia mkono watu waliojipanga kando ya njia. Saa sita na nusu mchana risasi zikalia. Rais alipigwa, akafa hospitalini muda mfupi baadaye. Polisi waliikuta bunduki katika ghorofa ya sita ya ghala ya vitabu vya shule, na kabla ya jioni walimkamata mfanyakazi wa ghala hiyo, Lee Harvey Oswald, kijana wa miaka 24. Huyu aliwahi kuwa askari wa kikosi cha wanamaji, akahamia nchi ya Kisovieti mwaka wa 1959, akarudi Marekani mwaka wa 1962. Alikana kumwua Rais. Siku mbili baadaye, polisi walipokuwa wakimhamisha, mwenye klabu ya ulevi aitwaye Jack Ruby alijipenyeza kati ya waandishi wa habari akampiga risasi, na watu wengi waliliona tendo hilo kwa macho yao katika televisheni.

Fikiri, msomaji, hali ya watu siku zile. Mkuu wa taifa ameuawa mchana kweupe. Mshitakiwa naye amekufa mikononi mwa polisi kabla ya kuhukumiwa. Hapakuwa na kesi tena, wala hakimu wa kuwasikiliza mashahidi wa pande mbili. Mtu angekosa kushuku, tungemwona hana akili. Serikali ilijua haya. Tarehe 25 Novemba, siku tatu tu baada ya mauaji, Nicholas Katzenbach, aliyekuwa naibu wa Mwanasheria Mkuu, aliandika barua ya ndani akisema umma yapasa uridhishwe kwamba Oswald ndiye muuaji na kwamba hakuwa na wenzake walio huru. Huenda aliyaamini aliyoyaandika. Hata hivyo, uchunguzi ulikuwa haujakwisha, na hukumu ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Rais mpya, Lyndon Johnson, aliunda tume ya watu saba chini ya Earl Warren, Jaji Mkuu wa nchi. Tume ilitoa taarifa yake mwezi wa Septemba, 1964, kitabu cha kurasa 888, ikasema Oswald alifanya peke yake, na Ruby naye peke yake. Wengi hawakusadiki. Tume ilisema risasi moja ilipita katika mwili wa Rais ikamjeruhi pia John Connally, gavana wa Texas, aliyeketi mbele yake. Jambo hili hasa liliwashinda watu kulimeza. Basi washukiwa wakaongezeka mwaka hata mwaka: Warusi, Wakuba, majambazi wa Mafia, shirika la ujasusi la CIA, hata Johnson mwenyewe. Angalia kwamba madai hayo hupingana. Hayawezi kuwa kweli yote pamoja, na kila mwenye dai lake huwaona wenye madai mengine kuwa wamepotea.

Kisha, mwaka wa 1975, kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilifunua jambo la ajabu. CIA ilikuwa kweli imepanga kumwua Fidel Castro, mkuu wa Kuba, na ilikuwa imewatumia watu wa Mafia katika mipango hiyo. Tume ya Warren haikuambiwa, ingawa Allen Dulles, aliyekuwa mkuu wa CIA mipango ilipoanza, alikuwa mmoja wa wajumbe wake saba. Mwaka ule ule ilijulikana pia kwamba Oswald, kabla ya mauaji, aliacha barua katika ofisi ya wapelelezi wa FBI huko Dallas, na kwamba baada ya kifo chake afisa mmoja aliiharibu. Mambo haya mawili hayathibitishi kwamba palikuwa na muuaji wa pili. Yanathibitisha kwamba wakuu walificha, nao walificha zaidi kwa kuilinda heshima ya idara zao. Lakini mwananchi aliyekwisha kudanganywa mara mbili atajuaje kwamba hadanganywi mara ya tatu?

Mwaka wa 1979 kamati nyingine ya bunge ilisema yamkini palikuwa na njama, ikitegemea sauti zilizonaswa katika kanda ya redio ya polisi. Mwaka wa 1982 wanasayansi waliipima kanda ile wakaonyesha kwamba sauti hizo zilinaswa kama dakika moja baada ya Rais kupigwa. Sheria ya mwaka wa 1992 iliamuru hati zote zikusanywe na kufunguliwa, na maelfu ya kurasa yaliendelea kutolewa hata mwaka wa 2025. Mpaka sasa haujaletwa ushahidi uliosimama imara wa kumwonyesha mtu wa pili aliyefyatua bunduki. Hata hivyo, kila Wamarekani walipoulizwa maoni yao katika miaka hiyo, mara nyingi zaidi ya nusu walijibu kwamba Oswald hakuwa peke yake.

Hapa pengine utasema, "Basi uvumi wote ni upuuzi, na mwenye hekima aziamini taarifa za serikali." Ngoja kwanza, nikupeleke katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, karibu na mji wa Tuskegee.

Mwaka wa 1932 idara ya afya ya serikali kuu ilianza huko uchunguzi juu ya ugonjwa wa kaswende. Walichukuliwa wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini. 399 walikuwa na ugonjwa huo na 201 hawakuwa nao. Wagonjwa hawakuelezwa ugonjwa wao. Waliambiwa wana "damu mbaya", wakaahidiwa kupimwa bure, chakula siku ya kupimwa, na fedha za mazishi. Madaktari walitaka kuona jinsi kaswende inavyomharibu mtu asiyetibiwa mpaka afe. Katika miaka ya 1940 dawa ya penisilini ilijulikana kuwa yaponya ugonjwa huo, lakini watu hawa hawakupewa. Waliendelea kupimwa, kuandikwa na kuzikwa kwa muda wa miaka 40. Wengine waliwaambukiza wake zao, na watoto wakazaliwa na ugonjwa.

Kama mtu angalisimama katika soko la Alabama mwaka wa 1955 akapaza sauti kwamba serikali inawatazama watu weusi wakifa kwa makusudi ili waandikwe vitabuni, wangapi wangalimwita mwenda wazimu? Naye angalikuwa amesema kweli. Tena jambo hili halikuwa siri iliyofungiwa kabatini. Madaktari wale waliandika habari za uchunguzi wao katika majarida ya udaktari tangu miaka ya 1930, na madaktari wenzao waliyasoma. Siri ilifichwa kwa wagonjwa tu. Waliojua walikuwa wengi; waliojali walikuwa wachache. Mwaka wa 1966 mfanyakazi mmoja wa idara ile, Peter Buxtun, aliwaandikia wakubwa wake kupinga. Hawakumsikiliza. Mwishowe alizitoa habari kwa waandishi, na mwezi wa Julai, 1972, mwandishi Jean Heller alizitangaza magazetini. Uchunguzi ukakomeshwa mwaka ule ule. Mwaka wa 1974 serikali ilikubali kulipa dola milioni 10, na mwaka wa 1997 Rais Bill Clinton aliomba radhi mbele ya wachache waliokuwa wangali hai.

Sasa tazama matunda ya tendo hilo. Mwaka wa 1983 gazeti moja la Bara Hindi lilichapa barua iliyodai kwamba ugonjwa wa UKIMWI ulitengenezwa na Wamarekani katika maabara yao ya kijeshi. Habari hiyo ilikuwa ya uongo, na majasusi wa nchi ya Kisovieti ndio walioieneza kwa makusudi, nayo ilizunguka dunia mpaka ikafika Afrika. Lakini kwa nini watu wengi weusi wa Marekani waliipokea upesi? Kwa sababu walikuwa wameisikia habari ya Tuskegee, na ile ilikuwa kweli. Uongo ulipanda mgongoni mwa ukweli, na wengine waliokuwa na haja ya matibabu waliogopa kuwaendea madaktari. "Mficha maradhi, kifo humwumbua," husema wahenga. Mwenye kuficha alikuwa daktari, na waliokufa walikuwa wengine.

Kisa cha mwisho ni cha Watergate. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni, 1972, mlinzi mmoja wa jengo hilo la Washington, kijana mweusi aitwaye Frank Wills, aliona utepe wa kunata umebandikwa juu ya kitasa ili mlango usijifunge. Aliutoa. Aliporudi katika zamu yake aliukuta umebandikwa tena. Akapiga simu kwa polisi. Polisi waliwakamata wanaume watano ndani ya ofisi za chama cha Democratic, wakiwa na vyombo vya kunasia mazungumzo. Mmoja wao, James McCord, alikuwa mkuu wa ulinzi katika kamati ya kumchagua tena Rais Richard Nixon.

Ikulu ilisema ni wizi mdogo usiowahusu. Mwezi wa Novemba Nixon alishinda uchaguzi katika majimbo 49 kati ya 50. Wezi walikuwa wakilipwa fedha kwa siri ili wanyamaze. Lakini mwezi wa Machi, 1973, McCord alimwandikia hakimu kwamba mashahidi walikuwa wamesema uongo mahakamani. Waandishi wa gazeti la Washington Post, Bob Woodward na Carl Bernstein, walikuwa wamekwisha kuufuata mkondo wa fedha. Mwezi wa Julai ilijulikana kwamba Nixon alikuwa akiyanasa mazungumzo yake mwenyewe katika kanda. Alikataa kuzitoa, Mahakama ya Juu ikamwamuru. Kanda moja ilikuwa na pengo la dakika 18 na nusu, lakini nyingine ilitosha: ilisikika sauti yake, siku sita baada ya wezi kukamatwa, akikubali CIA itumiwe kuwazuia FBI wasiendelee na upelelezi. Tarehe 9 Agosti, 1974, Nixon akatoka madarakani.

Tumeviona visa vinne. Tofauti kati ya uvumi uliothibitika na ule uliobaki kuwa uvumi iko wapi? Haiko katika wingi wa wanaousema, wala katika ubaya wa jambo lenyewe. Tuskegee lilikuwa jambo baya kupita kiasi, tena la kweli. Na kumshuku Stanton kulipendwa na wasomaji wengi, tena bila msingi. Nakupa maswali matatu, msomaji, uyatumie kila uambiwapo kwamba wakuu wameficha jambo.

La kwanza, anayesema amejuaje? Buxtun alifanya kazi katika idara ile. McCord alikamatwa mle ndani. La pili, iko wapi hati, au kanda, au silaha, ambayo hata asiyependa habari hii atalazimika kuitazama? La tatu nalo ndilo lililo gumu: ni jambo gani likionekana mwenye madai atakubali kwamba amekosea? Ukimwonyesha hati akakujibu kwamba hati imeghushiwa, ukimwonyesha hakuna hati akakujibu kwamba imechomwa, basi hachunguzi tena. Amejifungia ndani, na ufunguo ameutupa nje.

Maswali hayo ni ya msikilizaji. Lakini wewe unayesoma ukurasa huu darasani leo, yamkini kesho utashika ofisi, utatunza faili, utapokea barua isiyokupendeza. Siku hiyo utajaribiwa kuificha, si kwa sababu umeua mtu, bali ili idara yako isipate aibu. Kumbuka kijitabu cha Booth na barua ya Oswald. Walioviondoa machoni pa watu hawakuwa wauaji, lakini waliwanyima wananchi wao kitu ambacho hakikurudishwa tena, nacho ni imani.

Na methali yetu je? Nadhani haina kosa, ila sisi huisikia vibaya. Lisemwalo lastahili kutazamwa. Kuamini ni kazi ya baadaye. Frank Wills alipouona utepe juu ya kitasa kwa mara ya pili, angaliweza kuupuuza akaendelea na zamu yake, au kuwasimulia wenzake asubuhi kila alilolidhania. Hakufanya hivi wala vile. Aliita watu wenye haki ya kuufungua mlango, ukafunguliwa, na kilichokuwamo ndani kikaonekana.